Barua kutoka Nchi ya Ratili

Columbus, Ohio, Marekani

Kwa Mjomba, Shangazi, Bibi, na wote wanaokaa barazani hapo Saadani baada ya swala ya alasiri.

Mimi huku mwili una afya. Kinachoumwa ni jina langu huko nyumbani. Binamu amenieleza yote. Kwanza, inasemekana nimekuwa mlalamishi. Mjomba aliniuliza kwa simu baridi ya huku imefika ngapi, nikamjibu imefika ishirini na mbili, naye akaenda kutangaza barazani kwamba kijana analizwa na hali ya hewa ya Lushoto. Pili, Shangazi alinisikia, simu ikiwa bado hewani, nikimtajia muuguzi uzito wangu: mia moja sitini na tano. Tangu siku hiyo Saadani nzima inajua kwamba Marekani imeninenepesha mpaka mlangoni napita kwa ubavu. Nasikia hata dua imesomwa.

Nawaandikia kusafisha jina. Nyuzi zile ishirini na mbili ni za Fahrenheit. Kwa nyuzi zetu hiyo ni karibu sita chini ya sifuri, baridi ambayo ukisahau ndoo ya maji uani usiku, asubuhi unaipasua kwa shoka. Na uzito ule ni ratili, si kilo. Ratili 165 hazifiki hata kilo 75. Niko vilevile nilivyoondoka, nguo zote zinaniingia. Dua iliyosomwa isipotee, ihamishiwe kwenye kodi yangu ya nyumba, maana hiyo ndiyo iliyonenepa.

Yote haya yananipata kwa sababu nchi hii, inayorusha roketi, haijakubali kilo. Haijakubali mita, wala lita, wala nyuzi za Celsius. Zikitajwa nchi ambazo hazijahamia kikamilifu, husemwa ni tatu: Marekani, Liberia na Myanmar, na hizo mbili nyingine nazo zimeshaanza kusogea. Mimi niliyechapwa fimbo shule ya msingi mpaka nikajua mita moja ni sentimita mia, nimevuka bahari kuja kusahaulishwa.

Huyo Fahrenheit alikuwa fundi wa vipimajoto, mzaliwa wa Danzig, mwaka 1686. Sifuri yake aliipata kwa kuchanganya barafu, maji na aina ya chumvi. Chumvi Saadani tunayo, mabwawa kwa mabwawa. Barafu ndiyo hatukujaliwa, la sivyo nyuzi hizi zingeitwa kwa jina la mtu wa kwetu na lawama zote zingekuwa zetu. Kwenye kipimo chake maji huganda yakifika 32 na huchemka yakifika 212. Nilimwuliza mzee mmoja kazini kwa nini yagande kwenye 32. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, "Basi ulitaka yagande wapi?"

Kazi yenyewe niko kwenye yadi ya mbao na vifaa vya ujenzi. Kwetu fundi wa gereji akikwambia umletee spana namba kumi na tatu, unaleta, mmeelewana. Hapa bosi aliniagiza saba ya kumi na sita. Nikadhani ananitajia tarehe, maana hawa hutanguliza mwezi ndipo siku, nikamjibu kwamba siku hiyo nipo, naweza kuja. Kumbe ni inchi iliyogawanywa vipande kumi na sita, ukachukua saba. Ikiwa ndogo, inayofuata si nane ya kumi na sita, hiyo wanaiita nusu. Ikiwa kubwa, unarudi nyuma kwenye tatu ya nane. Haya, jibu upesi: ipi kubwa, tano ya nane au tisa ya kumi na sita? Mteja amesimama, theluji inamwangukia, na wewe unatafuta KDS kichwani.

Nimegundua watu wangu waliosoma mirathi wangeishi hapa kwa raha. Nusu, robo, thumni, thuluthi, sudusi: hizo kadhi amezilalia na kuziamkia. Mjane aliyeachiwa watoto hupata thumni, na thumni imechorwa kwenye tepu ya kila fundi wa Ohio. Kadhi yeyote wa Bagamoyo akishuka hapa leo, kesho ni msimamizi wa yadi.

Kali kuliko zote ni mbao. Inaitwa mbili kwa nne, jina lilelile tunalolitumia huko. Nikachukua tepu nikaipima: inchi moja na nusu kwa tatu na nusu. Nikapima nyingine, hivyohivyo. Nikamwendea bosi pembeni, kwa sauti ya chini, kumwambia kwamba anayemletea mzigo anamwibia. Alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Akanieleza kuwa mbao hiyo kwa asili ni mbili kwa nne ikiwa mbichi, halafu ikikauka na kurandwa inabaki hiyo niliyoipima. Jina ndilo halisinyai. Mnunuzi anajua, muuzaji anajua, na vitabu vya viwango vinajua. Nikanyamaza, nikawaza. Gunia la kilo mia lililosokomezwa mpaka likapita kilo mia tunaliita lumbesa, na maofisa wa Wakala wa Vipimo wanalikimbiza barabarani. Mbao ya mbili kwa nne isiyofika mbili wala nne, hapa ni kiwango cha taifa. Hili la lumbesa nitalirudia, nina neno nalo.

Bibi, sehemu hii ni yako. Unakumbuka binti aliyesomea hoteli alivyokuwa akikusumbua kwenye mkate wa kumimina, anataka umwambie mchele gramu ngapi, na wewe unamwonyesha kile kikombe cha bati? Mwambie Marekani nzima inapika kwa kikombe. Dukani huuzwa seti yake, kikombe kizima, nusu, thuluthi na robo, vimeunganishwa kwa pete moja. Unga kikombe, sukari kikombe, kabichi iliyokatwakatwa kikombe, hata majani ya kotmiri kikombe, na hakuna anayekwambia uyashindilie au uyaache yapumue. Kikombe chao ni karibu mililita 237. Kwetu vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Kwao vikombe viwili ni painti, painti mbili ni kwati, kwati nne ni galoni. Ukiletwa hapa na pishi yako ya zaka ya fitri hakuna atakayekushangaa; watakuuliza tu umeinunua duka gani.

Na kwa kweli pishi yako ina nafuu. Kila Ramadhani masheikh wanatutangazia kuwa ni kilo mbili na nusu hivi, mambo yamekwisha. Aunsi ya hapa iko ya uzito na iko ya ujazo, zote mbili kwa jina moja, na unatakiwa ujue ni ipi kwa kuyatazama maziwa usoni. Galoni nayo si moja: ya Mwingereza ni lita nne na nusu na kitu, ya Mmarekani haifiki lita nne. Ndugu wawili wamegombana, kila mmoja kaondoka na ndoo yake.

Msidhani kilo na lita hazipo kabisa. Fungua friji langu: maziwa kwa galoni, na ubavuni mwake soda ya lita mbili, chupa ambayo Pepsi waliileta sokoni mwaka 1970 na hakuna mzalendo aliyewahi kuikataa. Dawa hospitali ni miligramu. Wakimbiaji wa mitaani hukimbia kilomita tano, halafu wanaingia kwenye gari linalohesabu maili kurudi nyumbani. Risasi za bastola ni milimita tisa. Mvinyo na pombe kali, nasoma tu sijaonja, zilihamishiwa kwenye mililita kwa kanuni za serikali, mvinyo mwaka 1979 na pombe kali mwaka 1980. Kwa hiyo ukihesabu raia walioitikia wito, ni wagonjwa, wakimbiaji, wenye bastola na walevi. Wengine bado wanafikiria.

Nao wamefikiria muda mrefu. Mwaka 1790 Thomas Jefferson alipendekeza vipimo vinavyokwenda kwa kumi kumi. Pesa waliiweka kwenye mia mapema, kwa sheria ya 1792, dola moja senti mia, wakati Mwingereza kwao alihesabu pensi kumi na mbili kwa shilingi mpaka Februari 1971. (Hapa tujipongeze kidogo. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa na senti mia tangu miaka ya 1920, na aliyeileta ni Mwingereza huyohuyo. Sisi alitupa hesabu nyepesi, ngumu akabaki nayo.) Mwaka 1794 Ufaransa ikamtuma mtaalamu wa mimea, Joseph Dombey, awapelekee Wamarekani fimbo ya mita na jiwe la shaba la uzito ambao leo tunauita kilo. Dhoruba ikamsukuma hadi visiwa vya Karibi, maharamia wenye kibali cha Uingereza wakamkamata, akafia kizuizini Montserrat. Jiwe lilifika Marekani baadaye bila yeye, likakosa mtu wa kulipigia debe. Watu wa bandari tunalijua hilo: mzigo ukifika bila mwenyewe, hukaa ghalani mpaka lebo inafutika.

Hawakukata tamaa, tatizo ni kwamba hawakuchangamka pia. Mwaka 1866 Bunge lao liliruhusu kilo na mita kisheria. Mwaka 1875 walitia saini Mkataba wa Mita mjini Paris, wakiwa miongoni mwa nchi kumi na saba za mwanzo. Mwaka 1893 ofisi yao ya vipimo iliamua kwamba yadi na ratili zitapatikana kutoka kwenye mita na kilo. Sikilizeni vizuri hapo. Ratili hii inayonisumbua haina jiwe lake lenyewe popote. Tangu 1959 ni kilo 0.45359237, basi, hakuna siri nyingine. Kila siku Mmarekani anapima kwa kilo, ila imevishwa koti la babu yake ili asishtuke.

Kisha ikaja 1975, Rais Gerald Ford akatia saini sheria ya kuhamia kwenye mita, tarehe 23 Desemba. Ikaundwa bodi ya kusimamia. Walisahau jambo moja tu, au labda hawakusahau: sheria ilisema kuhama ni kwa hiari. Mjomba, ulipowaita watu kuja kusafisha kisima kwa hiari, walitokea wangapi? Mwaka 1982 Rais Reagan aliifunga bodi. Ukumbusho uliobaki ni barabara moja ya Arizona, kutoka Tucson hadi Nogales mpakani mwa Mexico, ambayo vibao vyake vya umbali viliandikwa kwa kilomita na mpaka leo vingi vimesimama hivyo. Dereva anaingia humo akitoka kwenye maili, anaona kama mji wake umekimbia mbele, anakanyaga mafuta.

Najua baraza litasema, hao si ndio waliofika mwezini? Ndio. Na kompyuta iliyowaongoza mwaka 1969 ilipiga hesabu zake kwa mita, halafu ikazigeuza kuwa futi ili wanaanga wazisome. Mashine ilijua watu inaosafiri nao.

Majirani zao wa Kanada walikuwa na ari zaidi, na ari hiyo iliwapitisha mahali. Tarehe 23 Julai 1983 ndege mpya ya Air Canada, Boeing 767, ilikuwa miongoni mwa za kwanza za shirika hilo kupimiwa mafuta kwa kilo. Vipima mafuta vya ndani vilikuwa vimeharibika, ikabidi wapime kwa kijiti kwenye tangi na kupiga hesabu kwa mkono. Safari ilihitaji kilo 22,300. Waliokokotoa wakatumia namba ya kugeuzia lita kuwa ratili, namba waliyoizoea, wakaona 22,300, wakatosheka. Ndege ikapaa na mafuta chini ya nusu. Angani, futi 41,000 juu, injini moja ikazima, kisha ya pili. Rubani, kwa bahati ya wote waliokuwemo, alikuwa na mazoea ya kurusha ndege zisizo na injini. Akailea hewani hadi kiwanja cha zamani cha jeshi mahali paitwapo Gimli, ambako siku hiyo kulikuwa na mashindano ya magari, watu na watoto wao na nyama zao za kuchoma. Wanashangaa kuona linawajia dude zima la abiria, kimya, bila muungurumo. Hakufa mtu. Na msijione salama sana, kwani hata ndege yetu ya Dar kwenda Mwanza, rubani akitangaza kimo anataja futi, na ndivyo ilivyo karibu dunia nzima. Abiria wote wanafunga mkanda, hakuna anayeuliza ni mita ngapi.

Sasa kabla hamjanicheka nikiwa huku na wao, tujitazame na sisi.

Wamarekani hawa tuliwahi kuwapimia. Karne ya kumi na tisa wafanyabiashara wa mji wa Salem, Massachusetts, walileta kitambaa chao Unguja, kikaingia bara kwa jina la merikani. Walifunga mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, na konseli wao akakaa Unguja tangu 1837. Kitambaa hicho kwetu kilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole: mikono minne shuka, mikono minane doti. Pembe zilizoteremka na misafara hadi pwani yetu, Bagamoyo na Saadani, zilipimwa kwa frasila, ratili thelathini na tano hivi kila moja. Pembe nyingi za Afrika Mashariki ziliishia Connecticut kutengenezewa vibao vya piano, na kuna mji huko unaoitwa Ivoryton kwa sababu ya pembe hizo. Mmarekani alijifunza frasila bila bunge lolote kumtungia sheria. Asiyejua frasila alipunjwa, na kupunjwa ni mwalimu asiyehitaji fimbo.

Halafu akaja Mjerumani. Bwana Heri wetu wa Saadani alimkabili kwa bunduki, historia mnaijua kuliko mimi. Mjerumani alikuwa mtu wa kilo na mita. Kwao walishahamia tangu 1872. Reli ya kati aliyoianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914 ina upana wa mita moja kamili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza akaja Mwingereza na yadi zake, maili na galoni. Tulipojitawala tukarudi kwenye kilo, safari hii kwa uamuzi wetu. Kwa hiyo pwani hii imepimwa kwa frasila, kwa kilo, kwa ratili, kisha kwa kilo tena, na Mmarekani anayesema kubadili mara moja tu ni kugumu aje tumpe kahawa tumhadithie. Kichekesho ni treni yetu mpya ya SGR. Upana wa reli yake ni milimita 1,435. Mkijiuliza namba hiyo imetoka wapi isiwe 1,400 au 1,500, ni futi nne na inchi nane na nusu, kipimo cha njia za mabehewa ya makaa ya mawe Uingereza. Tumeng'oka kwenye mita ya Mjerumani, tumeingia kwenye futi ya Mwingereza, tena kwa umeme.

Na majumbani? Nondo milimita kumi na mbili, lakini bati futi kumi, geji thelathini. Tofali inchi sita. Bomba nusu inchi, maji yake kwa lita. Televisheni inchi thelathini na mbili, umbali wa kuitazama hatua tatu. Petroli lita, na mafuta ya kula kibandani kwa kipimo, kichupa ambacho mwenye duka tu ndiye anajua kilikuwa cha dawa gani. Shamba tunalitaja kwa heka, na heka hiyo si hekta, ni ekari ya Mwingereza. Nyanya kwa sado, mkaa kwa kopo, embe kwa pakacha, khanga kwa doti. Kamba wa hapo Saadani, akija mnunuzi wa Dar ni kilo na mizani imening'inia. Akija jirani ni fungu, na fungu la jirani mwema lina nyongeza. Umbali ni "hapo tu", na mgeni akishatembea mpaka jua linazama anaambiwa tena ni hapo tu, ukivuka mikoko. Hilo la mwisho Wamarekani wanalo pia. Ukiwauliza mji fulani uko mbali kiasi gani wanajibu saa mbili. Maili zao wenyewe wamezikimbia.

Sasa neno langu. Pishi ya Bibi sina ugomvi nayo, wala kikombe cha Ohio. Hata mbao ya bosi nimeisamehe, kwa sababu inchi ya Ohio ndiyo inchi ya Texas, na anayenunua na anayeuza wanashika tepu moja. Wakiamua kupima kwa unyayo wa mfalme aliyekufa, shauri yao, mradi unyayo ni mmoja. Lumbesa si hivyo. Kwenye lumbesa mkulima analijaza gunia, mnunuzi anaongeza nyavu juu, anashona kilemba, anapanda kukanyaga, kinaingia kingine, na bei inabaki ya gunia moja. Sheria inataka gunia lisizidi kilo mia, mizani ipo, maofisa wapo, na bado mzee wa vitunguu anauza gunia na nusu kwa bei ya gunia. Wanaolitetea husema ndiyo mila ya soko. Mila gani inayomnyonya mtu mmoja tu kila mara? Bibi anapomimina kibaba hufuta juu kwa kiganja, wote mnaona. Kipimo cha zamani kilikuwa na haya; hiki cha kilemba hakina. Mtu akiniambia Tanzania imefuzu kwenye vipimo kuliko Marekani kwa kuwa tuna kilo kwenye vitabu, nitamwambia hapana, bado. Wao wana vipimo vibovu wanavyovitumia kwa uaminifu. Sisi tunavyo vizuri, na tumevipandia juu.

Jambo hili limenishika kwa sababu Binamu ameniambia kuhusu kile kiwanja mnachotaka kuninunulia upande wa Bagamoyo kwa hela niliyotuma. Anasema muuzaji anakiuza ishirini kwa ishirini. Nimeuliza ishirini nini, nikaambiwa hatua. Nimeuliza hatua za nani, nikaambiwa za muuzaji mwenyewe, ambaye ni mfupi na siku ile alikuwa amevaa kanzu. Mjomba, nakuomba kwa heshima zote, fedha isitoke. Mtafute mpima ardhi aje na tepu ya mita, viongozi wa mtaa na majirani wa pande zote nne wawepo, jiwe la mpaka liwekwe kila pembe, na vipimo viandikwe kwenye karatasi ya mauziano kwa mita na sentimita. Muuzaji asishike ncha yoyote ya tepu. Akisema anaharakisha kwa kuwa kuna mteja mwingine, mwacheni auze kwa huyo mteja.

Wasalaam,
Mpwa wenu, kilo 75 kasoro.